Karani wa Bwiza na Barua Zilizofutika

Saa mbili asubuhi, Sikuzani anafungua mlango wa duka la Mzee Moosa hapa Bwiza, anafuta vumbi kwenye kompyuta kwa ncha ya kitenge chake, kisha anawasha. Nje, akina mama watatu wameshakaa kwenye kizingiti. Hawajaja kununua kitu. Wanataka kujua kama jina lao limeingia.

Anaunganisha simu, anasubiri mlio wa mashine uishe, na barua pepe zinaanza kushuka moja moja. Zikiisha anakata laini mara moja, kwa sababu kila dakika ya simu inalipiwa.

"Bibi Khadidja, iko moja ya kwako," anasema. Mama mmoja anasimama, anaingia, anakaa kwenye kiti kilicho kando yake. Wale wengine wanasogea mbali na mlango bila kuambiwa.

Sikuzani ana umri wa miaka thelathini na minne. Kwa mwaka wa tatu sasa, anwani yake moja ya barua pepe ndiyo sanduku la posta la mitaa kadhaa ya Bwiza. Waliokimbia mwaka 1995, wakaishia Uvira, Kigoma, Lusaka na mbali zaidi, wamepeana anwani hiyo mdomo kwa mdomo. Wengi wa wazazi wao hawajui kusoma. Yeye huwasomea, wakamwambia la kujibu, naye akaandika. Mshahara wake ni faranga elfu thelathini kwa mwezi.

Ana sharti moja ambalo halivunji: hafungui barua ya mtu mpaka mwenyewe awe amekaa kwenye kile kiti.

"Barua ni ya mutu," anasema. "Mi ni macho yake tu. Macho hayatangulii kwenda kuona bila mwenyewe."

Sharti hilo, Oktoba mwaka jana, nusura lipoteze barua muhimu kuliko zote zilizowahi kumpitia.

Asubuhi ile, kati ya barua zilizoshuka, aliona moja yenye kichwa kilichomfanya asimame: "Namtafuta Mwanamwema wa avenue ya nane." Mwanamwema ni muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na majirani humwita Mama Houda. Binti yake Houda alipotelea kwenye vurugu za Machi 1995, akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu duka lipate kompyuta, Mama Houda alikuwa akija kila Ijumaa kuuliza, akijibiwa kuwa bado, akishukuru na kuondoka.

Sikuzani hakuifungua ile barua. Alijitupia mtandio, akaenda sokoni mwenyewe kumwita.

Akiwa njiani, fundi aliyeitwa na Mzee Moosa alifika dukani. Kompyuta ilikuwa na virusi, ilikuwa ikijizima yenyewe, na mzee alitaka isafishwe. Fundi aliuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kabla hajairudisha upya.

"Mi nikafikiri ni faktira zangu za mauzo tu, na faktira nilikuwa nazo kwenye karatasi," anasema Mzee Moosa, ambaye babu yake alitoka Omani na kufungua duka hili. "Nikamwambia apana, hakuna kitu. Barua sikuzikumbuka hata moja."

Sikuzani aliporudi na Mama Houda, alikuta kioo kitupu, cha rangi ya bluu, na fundi akiwa ameanza kuingiza programu mpya. Hakuuliza. Aliinama akachomoa waya ukutani.

Fundi alikasirika, akasema mashine itaharibika. Sikuzani alibaki ameushika ule waya. Barua zikishashuka kwenye kompyuta, kule zilikotoka hazibaki. Zote tangu mwanzo zilikuwa mle ndani tu, hazikuwa na nakala popote.

Ilibidi amweleze Mama Houda. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia kwamba ilikuja barua yenye jina lake, kwamba hakuisoma, kwamba hajui imetoka kwa nani wala wapi, na kwamba sasa imefutika.

"Nilingoja alie ama anitukane," anakumbuka. "Akaniuliza tu, 'Jina langu liliandikwa?' Nikamwambia ndiyo, Mama Houda, liliandikwa. Akasema, 'Basi kuna mutu huko analijua.' Akakaa pale pale, hakwenda kuuza tena siku ile."

Hofu ya Sikuzani ilikuwa nyingine. Kama ni Houda, mtoto anayemtafuta mama yake kwa miaka minane, akaandika na asijibiwe, huenda akaamini kwamba mama hayupo tena.

Jirani mmoja aliwatajia Gélase, mtengenezaji wa redio na kompyuta wa Kinama. Kwenda Kinama siku hizo lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Mabomu yalikuwa bado yanaanguka mjini, na tangu vurugu za 1995 watu wa mitaa hii na ile walikuwa wameacha kutembeleana, kila upande ukiuogopa mwingine. Mzee Moosa alikuwa hajafika huko kwa miaka. Alitoa gari, akaliendesha mwenyewe.

"Nilikuwa naogopa, sikufichi," anasema. "Lakini makosa yalikuwa ya kwangu. Ningemtuma nani?"

Waliifungua kompyuta, wakatoa disiki yake ya ndani, Sikuzani akaiviringisha kwenye kitenge na kuipakata. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikiona kile chuma akarudi nyuma, akaamuru kiwekwe chini.

"Nikamwambia, afande, hizi ni barua za wamama. Akaniangalia. Akauliza, ndani ya hiki chuma? Nikamwambia ndiyo, ndani humo. Akatuacha tupite."

Gélase, mtu mrefu na mpole asiye na haraka ya kuongea, aliipokea disiki kwa mikono miwili. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kompyuta ilitumika baada ya kufutwa. Sikuzani alimweleza jinsi alivyochomoa waya.

"Hapo ndipo aliponiokolea kazi," anasema Gélase. "Ukifuta, mashine haichomi barua. Inasahau tu ilikoziweka. Lakini ukiandika kitu kingine juu yake, imekwisha. Wengi wananiletea wakiwa wameshaandika."

Aliifunga ile disiki kwenye kompyuta nyingine, ili isomwe bila kuandikwa chochote, akaanza kuipekua kwa programu ya kutafuta vilivyofutwa. Umeme ulikuwa ukija na kukatika, na kila ulipokatika ilibidi aanze upya. Sikuzani alikwenda Kinama siku tatu mfululizo. Alikaa kwenye benchi la karakana akiona vipande vikitokea: salamu isiyo na mwisho, nusu ya jina, mistari ya alama zisizosomeka, kisha ghafla barua nzima.

Siku ya tatu Gélase aliitafutisha kompyuta neno "Mwanamwema". Likatokea. Alitaka kuisoma kwa sauti, Sikuzani akaweka kiganja kwenye kioo.

"Mi nikashangaa," anasema Gélase. "Siku tatu tunaitafuta, na imepatikana hataki isomwe. Akaniambia, mwenyewe hayuko."

Gari lilirudi Bwiza, likaja na Mama Houda akiwa bado ana magamba ya ndagala mikononi. Alikaa. Sikuzani akasoma:

"Mi ni Houda. Namtafuta mama yangu Mwanamwema, alikuwa anauza ndagala soko la Bwiza. Kama yuko muzima mumwambie niko Kigoma, nashona nguo. Mkono wangu wa kushoto uko na alama ya mafuta ya moto, atajua ni mi. Kama hayuko naomba munijibu vilevile, kwa sababu siwezi kuendelea"

Hapo ilikatika. Juu ya kilichofuata ilikuwa imekwisha kuandikwa ile programu mpya. Lakini anwani ya mwandishi ilikuwa juu kabisa, herufi zote zikiwa salama.

Mama Houda aliomba isomwe tena. Ilisomwa tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yale mafuta yalikuwa ya kukaanga sambusa, siku ya Idi, na kwamba mtoto hakulia.

Jibu liliandikwa alasiri hiyo hiyo, kwenye kompyuta ya kuazima, pamoja na namba ya simu ya duka. Kabla ya Ijumaa Houda akapiga simu dukani. Mzee Moosa ndiye aliyepokea, akampa simu mama, aliyekuwa akishinda pale akingoja, na kutoka nje. Swali la kwanza la binti, anasema Mama Houda, lilikuwa kama bado anauza ndagala.

Tangu hapo amejua mengi. Houda alivuka mpaka akiwa ameshikwa mkono na jirani aliyefariki Uvira. Alilelewa na familia ya Mkongo mmoja aitwaye Cirimwami, na vita vilipofika huko nao wakakimbilia Tanzania pamoja naye. Mwaka jana msafiri kutoka Bwiza alimpa anwani ya Sikuzani ikiwa imeandikwa kwenye pakiti ya chai.

"Namshukuru Mungu, na baada ya Mungu nawashukuru watu," anasema Mama Houda. "Huyu aliyechomoa waya. Yule wa Kinama. Mzee na gari lake. Na huyo Cirimwami, ambaye sijamuona. Alimpa mwanangu chakula, na hakunijua."

Barua nyingi zilizofutika zilipatikana, si zote. Kwa wale ambao zao zilipotea, Sikuzani alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia, na akawaandikia ndugu zao watume upya. Sasa kila jioni nakala za siku hiyo huhifadhiwa kwenye disiki ya pili. Gélase huja Bwiza Jumamosi kuikagua. Alizaliwa mtaa huu, akaukimbia kwenye vurugu zile zile za mwaka 1995, na alikuwa hajaukanyaga tena. Mara ya kwanza alifika mapema, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka Mama Houda alipomwona na kumletea kiti. Kila wiki anarudi Kinama na fungu la ndagala ambalo amekatazwa kulilipia.

Houda anatarajiwa mwisho wa mwezi huu, barabara ikiruhusu. Wakati wa kumsubiri, mama yake alimwendea Sikuzani na ombi ambalo hakulitegemea: afundishwe kuandika.

"Kuna maneno siwezi kumpa mwanangu kupitia mudomo wa mutu mwingine," alimwambia, "hata kama huyo mutu ni we."

Ombi hilo limekuwa mpango. Mzee Moosa ameondoa magunia kwenye chumba cha nyuma, Gélase ameahidi kompyuta mbili za vipande vya kuokoteza, na wanawake tisa wamejiandikisha kujifunza kusoma na kuchapa kuanzia mwezi ujao. Wiki iliyopita Mama Houda alichapa barua yake ya kwanza peke yake, ya mistari miwili. Ilimchukua alasiri nzima, na Sikuzani alikaa akitazama ukuta.

Anapoulizwa atafanya kazi gani siku wote watakapojua kuandika, anacheka.

"Nitawauzia dakika za mashine," anasema. "Wataingia, watafunga mulango, na mi nitakaa hapa nje nisijue walichoandika. Hiyo ndiyo siku naingoja."