Nilivyotania Msiba wa Watu

Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hata huko nilikaa nyuma karibu na dirisha, kwa hiyo mji wa Dar sikuusoma kitabuni. Nimeusoma kwa magoti yangu. Nilikaribia kuuawa pale mchana kweupe, nimevaa kanga, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Sisi Wakwere wa Makurunge na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mnyamwezi akifa, Mkwere anakwenda kumharibia msiba: anamwigiza marehemu, anaficha viatu vya wafiwa, anajilaza kaburini, mpaka watu wanasahau kulia. Asipokwenda ni aibu. Mtani wangu alikuwa mzee mmoja wa Kinyamwezi jirani yetu, anachechemea, tumetukanana kila asubuhi miaka na miaka. Alipougua akahamia Dar kwa binti yake. Siku anaondoka akaniambia, "We Mkwere, nikifa usipokuja kunichezea, nitarudi mwenyewe kukuvuta miguu."

Akafa kweli. Binti yake akanipigia simu, akanielekeza mtaa, akasema nitaona turubai.

Sasa kwetu turubai likifungwa ni moja tu, na tunajua nani kafa kabla halijasimama. Nikaingia ule mtaa, nikaona turubai la bluu, viti vya plastiki, kina mama kwenye mikeka. Cha kuuliza kipo? Nikajitanda kanga niliyobeba, nikashika fimbo, nikaingia nachechemea kama mzee wangu. Nikapiga kelele kwamba afadhali kafa, alikuwa anatumalizia ugali. Nikazoa viatu pembeni ya mkeka, jozi nne tano, nikavitia kwenye kiroba.

Nikangoja kicheko.

Nikasikia feni ya duka la jirani. Mama mmoja katikati ya mkeka alinitazama tu. Macho yale bado yananijia usingizini. Baadaye ndiyo nikaja kuambiwa kwamba marehemu wao alikuwa mwanawe, kijana, kagongwa na pikipiki asubuhi ile ile. Nami nimesema afadhali.

Nikazungusha macho kutafuta Mnyamwezi. Wapi! Mji ule una kila mtu. Hapa naona Wapare, pale Mmakonde mwenye chale usoni, huku Wahaya wananong'ona Kihaya, mlangoni Mpemba mwenye duka, nyuma yake mzee wa Kihindi kavua kofia. Nchi nzima imekaa kwenye viti vya plastiki, na hakuna hata mmoja mtani wangu.

Kijana mmoja akauliza taratibu, "Huyu na viatu vyetu anakwenda navyo wapi?"

Mwingine nyuma akasema, "Mwizi."

Neno hilo Dar halihitaji kurudiwa. Watu wakasimama. Njia ya kutokea ikazibwa. Nikamwona mmoja anainama, akainuka na tofali. Nikataka kusema jamani mimi mtani, ulimi ukakataa, mimi ambaye mwalimu alikuwa ananitoa darasani kwa kusema sana. Kanga ikalowa kidogo. Hapo tusiingie ndani zaidi.

Ndipo sauti ikatoka kwenye masufuria. Mama mtu mzima, mpishi wa pale msibani, anakuja na mwiko mkononi.

"Mwacheni huyo. Mkwere huyo, hamwoni kichwa?" Akasimama mbele yangu. "Mmemaliza ngoma zote huko kwenu mpaka mnakuja kucheza kwenye matanga ya watu?"

Mnyamwezi. Sijawahi kutukanwa nikasikia raha namna ile. Kila tusi alilonipa, watu walirudi nyuma hatua moja, maana ukimtukana mtu hivyo ni wako. Akawaeleza habari ya utani. Wengine walielewa, wengine hawakuelewa, na yule wa tofali hakuliweka chini. Akaniamuru nirudishe viatu jozi kwa jozi, kwa magoti, nikimwambia kila mwenyewe pole. Nilipofika kwa yule mama mfiwa, vyake vilikuwa ndala. Nikazipanga miguuni pake. Akasema, "Nenda, baba." Basi.

Mpishi akanikokota kwa pindo la kanga mpaka kwenye kona, kwenye msiba wa Mnyamwezi mwenzake, mzee wangu. Turubai jingine, bluu vile vile, viti vile vile. Binti wa mzee akanipokea analia. Nikakaa mwisho kabisa, karibu na pa kukimbilia, nikawa bubu.

"Mtani, mbona umenyamaza?" akaniuliza. "Baba anakungoja."

Wote wakanigeukia. Nikaziona zile sura, nikatazama chini kama kuna matofali. Yalikuwepo. Nikasimama.

"Samahanini jamani, kabla sijasema neno. Huyu marehemu wenu alikuwa anachechemea mguu gani?"

Turubai zima likaangua kicheko. Binti alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Wazee wakasema tangu wazaliwe hawajaona Mkwere anayejua kutania msiba kama huyu.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, nangoja jibu.