Mpe Mama Kikombe

Mwalimu wa Kihispania wa binti yangu sikumpenda tangu mwanzo. Mtu wa Kirewa, huko Tororo, alikwenda ng'ambo kusomea upadre akarudi na Kihispania bila upadre. Nani hatashtuka? Hapa Busia tumeona wasichana wakiahidiwa kazi nje, halafu simu zao zikazimika. Na mimi binti ninaye mmoja tu. Nauza samaki wa ziwani Majanji. Aliyeharibika namjua hata akifunikwa kwa barafu.

Binti alisema anataka lugha hiyo aongoze watalii. Sawa. Lakini kila jioni, akisoma naye kwenye simu, ilikuwa nipe, nikupe, mpe.

"Hiyo te lo doy ni nini?" nikamuuliza.

"Nakupa hicho, Mama. Mtu na kitu wanafuatana, ndipo kitendo kinakuja."

"Na se lo doy?"

"Nampa hicho."

"Unampa nani?"

"Yeyote. Se anaweza kuwa yeye, au wao, hata wewe kwa heshima."

Lugha gani hii inayomficha anayepewa? Nikaanza kulala na kitambulisho chake chini ya mto.

Mwishowe nikaamuru masomo yafanyike sebuleni kwangu, mbele ya macho yangu. Akaja, akakaa karibu na mlango, akaomba kikombe cha kufundishia.

"Me la das," akasema, binti akampa. "Te la doy," akamrudishia. "Sasa mpe mama. Se la das." Binti akaniletea.

Nikakichukua, nikamnyooshea mwalimu mwenyewe. "Haya, pokea."

Hakupokea. Aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, macho chini, mimi nimebaki na mkono hewani.

"Mama, mpatie huyu," akasema polepole. "Yeye atanipatia."

Kwetu mgeni hupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Asiyepokea kitu mkononi mwangu, wala kunipa, ni mmoja tu: aliyemwoa binti yangu. Huyo na mimi tunapitishiana vitu kwa mkono wa mtu mwingine, ndiyo heshima. Kwa maneno angeweza kunidanganya, tena kwa lugha tatu, lakini mkono wake ulikuwa umelelewa na mama yake.

Nikaweka kikombe chini. Nikamgeukia binti.

"Nani alikupeleka kwake?"

"Nilijipeleka, Mama."

Nililia bila aibu. Nilikuwa nalinda kitambulisho, kumbe mwenyewe ameshakwenda kwa mume. Hasira ilinipanda, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na nafuu niliyoichukia: hakuwa tapeli.

Sikumtazama tena yule kijana, ingawa alikuwa palepale mlangoni, akisikia kila neno.

"Mwambie," nikamwambia binti yangu, "wazee wa Kirewa nawangoja hapa."

Binti, aliyekuwa akilia nami, akafuta machozi, akamgeukia, akamwambia.