Samli Kwenye Kiti cha Baba

Nyumbani kwetu Butiama kuna kiti cha jiwe ambacho marehemu baba alikichonga mwenyewe kutoka kwenye mwamba wa hapo uwanjani. Mwenye kukikalia ndiye msemaji wa nyumba. Wanawake hatukukikalia kabisa, hata kwa kufunga kamba ya kiatu.

Baba alipofariki, kaka yake alikuja toka Kibara na kopo la rangi ya kijani iliyobaki alipopaka mlango wake, akakipaka chote. Wengine huchoma ng'ombe alama kwa chuma. Baba mkubwa alitumia brashi. Halafu akarudi zake Kibara, kuku wakabaki wanakinyea.

Mdogo wangu akapata mchumba. Baba mkubwa akapiga simu: siku ya mahari yeye ndiye atakaa kwenye kiti, yeye ndiye ataongea, na ng'ombe wataenda zizini kwake. Mama hakubishana naye. Akaniambia tu, "Njoo utoe hiyo rangi kwenye kiti cha baba yako." Nikajua kimenuka.

Mimi nauzaga vitenge mjini, pale mtaa wa Mukendo, mambo ya mawe nayajulia wapi? Nikaenda Bunda, Manyamanyama, kwa fundi anayejengea makaburi. Huku kwetu maiti ndio wenye samani za maana. Sisi wazima tunakalia ndoo. Fundi akanielekeza: lainisha rangi kwa magadi makali ya sabuni, ibandue, sugua kwa mchanga na maji, malizia kwa jiwe laini. Mwisho nta kidogo, ing'ae. Akanipa jiwe na kopo la nta.

Rangi ilitoka kwa matusi. Kila gamba lililobanduka nililiita baba mkubwa, Mungu anisamehe, maana yule ni mzee wa kanisa. Chini yake jiwe likatokea, lina wekundu wa mbali na madoadoa meusi, na alama za tindo alilochongea baba bado zimo. Nililia, tena kwa sauti, mikono ikiwa imejaa magadi hata machozi nashindwa kufuta.

Nta ndiyo ilileta mgogoro. Mama aliinusa, akasonya. "Hiyo ya makaburi irudishe hukohuko. Mimi bado sijafa."

Akaenda ndani akarudi na kibuyu cha samli. Kwa watu wa ng'ombe samli haijawahi kushindwa kitu: mtoto mchanga anapakwa, ngozi inapakwa, goti la bibi linapakwa. Kwa nini jiwe lisipakwe? Tukalipaka mpaka likang'aa, nasi tukajipongeza kama mafundi kweli.

Siku ya wageni jua liliwaka kisawasawa. Baba mkubwa akaingia na suti ya rangi ya maziwa. Aliona rangi yake haipo, akaninunia, akajitupa kwenye kiti. Lo! Akateleza nusura atue chini, akashika ukingo, akajikaza kama hakuna kilichotokea. Wageni walipofika akasimama kuwasalimia, akawageuzia mgongo kuwaonyesha viti. Makalio yote yalikuwa yamelowa samli, na mbwa wetu, asiye na adabu, akaanza kumlamba.

Mshenga akakohoa. Mimi nikaingiza kitenge mdomoni.

Baba mkubwa akakimbilia ndani kubadili. Nguo ya kiume ndani hamna, za baba tulishazigawa. Akapewa khanga, akagoma kutoka nayo mbele ya wakwe. Nje, mshenga akauliza kwa heshima, "Sasa nani anasemea nyumba hii?"

Mama akachota majivu jikoni, akayamwaga kwenye kiti yanyonye samli, akafuta taratibu, akakaa. Kutoka dirishani baba mkubwa akaanza kupiga kelele kuhusu ng'ombe: wangapi, wa rangi gani, wa zizi gani.

"Shemeji, tunakusikia," mama akasema bila kugeuka. "Vaa kwanza."

Kisha akamwita mdogo wangu, ambaye siku nzima alikuwa jikoni anapuliza moto. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, huyu mwanaume unamtaka?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. Hata mimi dada yake sikuwahi kumuuliza.

"Sema," mama akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Mdogo wangu akasema anamtaka, huku analia. Mama akawageukia wageni.

"Haya. Sasa tuongee ng'ombe."