Kadi ya Kimya na Kadi ya Feni

Juzi nilikuwa nimempakata mwanangu katika duka la kompyuta Mwanakwerekwe, mbele yangu dada mmoja anayehariri video za harusi za wanawake. Alikuwa akichagua kadi ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuhariri video. Zilikuwa mbili, bei moja: ya kwanza kimya, haina feni, ya pili inapoa vizuri, lakini muuzaji alipoiwasha ilivuma.

“Ya kimya itaungua, dada'angu. Labda ufungue dirisha, upepo uipooze.”

“Wapita njia wawaone wake za watu vichwa wazi kwenye skrini?”

“Basi chukua ya feni.”

“Mama mgonjwa, kalala chumba hichohicho ninachofanyia kazi.”

“Atazoea.”

“Hana siku za kuzoea, kaka'angu.”

Muuzaji akaizima feni taratibu, kama vile mgonjwa kalala palepale mezani. Na sisi wenye harusi tunatuma watu waulize mbona mkanda unachelewa.