Hedimasta wa Juu ya Dungu

Ijulikane kwa watu wote wa delta ya Rufiji, wenye viatu na wasio na viatu, wanaosali na wanaosema wataanza Ijumaa ijayo, kwamba mwaka 1953, kwa jina la Malkia aliye Ulaya na kwa sahihi ya karani aliye Utete, Mwalimu Kibwana Abdala alipandishwa cheo kutoka mwalimu wa pili hadi hedimasta. Ngazi aliyopandia ilikuwa ya miti saba, imefungwa kwa kamba ya ukindu.

Miaka kumi na moja Kibwana alikuwa mwalimu wa pili katika shule moja ya visiwani, upande wa Maparoni. Walimu walikuwa wawili, kwa hiyo wa pili ndiye aliyekuwa pia wa mwisho. Alipiga kengele, akaita majina, akapaka vidonda dawa, akapokea matusi ya wazazi. Hedimasta, Mwalimu Abbasi, alikuwa na kazi nzito zaidi: alikuwa na kiti.

Mwezi wa Januari, Abbasi akahamishiwa Utete. Kiti kikabaki, na Kibwana akaambiwa akikalie kwa muda tu, mpaka Bwana Elimu, yule Mzungu mkaguzi wa shule, aje kumtazama. Akiridhika, Kibwana atathibitishwa. Asiporidhika, ataletwa hedimasta mgeni, na Kibwana atapelekwa shule ya mbali, Mahege, akaanze upya na kengele ya wenzake.

"Nenda," alisema mkewe Mwantumu, akipeta mchele bila kuinua macho. "Nitakuaga vizuri tu. Shamba langu haliendi Mahege."

Tangu siku hiyo Kibwana hakupata usingizi wa maana.

Balaa lenyewe lilikuwa mwezi wa tano. Mpunga ukitia maziwa, ndege hushuka kama walioalikwa karamuni, na watoto wote huhamia mashambani na mama zao, wakae kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, waamie ndege kutwa, wawafukuze wasile mpunga. Darasani hubaki madawati na mbuzi wa jumbe. Kila mwaka Mwalimu Abbasi aliandika kwenye rejista kwamba wote wapo, kisha akalala. Kibwana aliogopa uongo wa wino. Alibeba rejista, akapanda dungu la Mwantumu lililokuwa katikati ya mashamba, akaita majina kwa sauti ya mwadhini aliyechelewa. Watoto wakaitikia, kila mmoja kwenye dungu lake. Yalipokwisha majina, hesabu.

"Tatu mara nne!"

"Kumi na mbiliii!"

Ndege wakaruka. Wakatua shamba la jirani, nako wakakuta kumi na tano. Wiki ya pili kina mama walikuwa wameshatundika makombeo yao.

"Mwalimu!" alilalama Zamda, mmoja wa kina mama, kutoka ng'ambo ya mfereji. "Mbona leo jiografia unaisomesha kwa kunong'ona? Ndege wananimaliza! Turudie hesabu ya saba, saba ina kelele!"

Bwana Elimu alifika siku ya Jumanne, kwa mtumbwi, bila taarifa, kama wafikavyo wakaguzi na homa. Akakuta shule tupu na mbuzi darasa la tatu. Jumbe Mwinyimvua akamwongoza mashambani, njia nzima akisifia hali ya hewa.

Kibwana aliiona kofia ya Mzungu ikielea juu ya mpunga. Mahege aliiona waziwazi, na kengele yake. Kwa kukosa la kufanya, akaita majina.

"Johari Mbonde!"

"Nipo!"

"Abdalah Husseini!"

"Nipo!" ikajibu sauti kama bawaba yenye kutu.

Bwana Elimu akainua kidole. "Huyo Abdalah ana umri gani?"

"Miaka kumi, bwana," alisema Kibwana, na jasho likamtoka hata kwenye nyusi.

"Aje hapa."

Akaja Bibi Semeni, meno mawili, ugoro shavuni.

"Abdalah yuko wapi, mama?"

"Kaenda na babake mikokoni kukata boriti. Asipoitika, babake anaitwa barazani. Basi mie bibi yake nimemshikia nafasi."

"Nafasi ya shule haishikwi, mama."

"We mwanangu, mbona hujaniuliza hesabu?"

Bwana Elimu alikuwa ameshafungua kalamu. Akauliza kwa kebehi: "Haya. Saba mara nane?"

"Hamsini na sita." Bibi akatema ugoro. "Na mara tisa ni sitini na tatu. Usinicheleweshe, ndege hao!"

Mzungu akageukia dungu la pili, akamwuliza Zamda. Akamwuliza Zabibu, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Saba ya kila mmoja ilikuwa kamili. Akaandika sana, akaondoka.

Wiki tatu Kibwana alifundisha sauti ikimkauka. Mwantumu alianza kukunja mashati yake bila kuulizwa.

Kisha jumbe akaja, amevaa joho katika jua lile. Akaingia shambani mpaka chini ya dungu, ili asikike na wote, akasafisha koo, akakunjua barua. Akasoma kwamba Mheshimiwa fulani, baada ya kutafakari, na kwa kuwa hakuna shule nyingine wilayani ambayo wanafunzi wake wamezidi rejista, anamthibitisha Mwalimu Kibwana Abdala kuwa hedimasta.

"Wapi?" aliuliza Kibwana. "Hapa au Mahege?"

Jumbe akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma yake. "Hapahapa."

Kibwana alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Januari. Mabega yakateremka, hata dungu likalia. Mwantumu akapiga kigelegele kimoja, akajifanya anakohoa. Kwenye madungu yote watu wakageuka, wakingoja hotuba ya hedimasta mpya. Jumbe akainua uso, mikono kifuani.

Kibwana akaweka kofia yake sawa, akatazama chini.

"Nimesikia, Jumbe," alisema. "Sogea kidogo, unakanyaga mpunga wa mke wangu."