Hakuna Hata Kisamvu?

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki Newala, nikapimwa, nikaambiwa nina kisukari. Muuguzi, binti wa umri wa mjukuu wangu, akanishika mkono akasema, "Bibi, punguza ugali, sukari acha kabisa. Kula mboga za majani na matunda, utaishi miaka mingi tu." Nikamwitikia vizuri. Nilipotoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia, na watu wakadhani naulilia ugonjwa.

Maneno yale niliwahi kuyasikia zamani, enzi za Mwingereza, kule Mkunya, nikiwa na miaka tisa hivi. Aliambiwa bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa mwanamke wa mwili, mpenda utani, na ndonya yake, kile kipini cha mpingo kwenye mdomo wa juu, ilicheza kila akicheka. Halafu akaanza kukonda, na kiu ikamshika.

Kiu, ndugu yangu, huku kwetu juu ya uwanda haikuwa jambo dogo. Maji yalikuwa bondeni. Akina mama waliteremka alfajiri na mitungi, wakarudi jua limeshapanda, na mtungi mmoja ulikuwa wa nyumba nzima. Bibi akawa anaumaliza peke yake. Mama alikuwa akiutua mtungi kwa kishindo, na Bibi alisikia. Siku moja nilimkuta nyuma ya ghala amejibanza na kata ya maji, akaniomba nisimwambie mtu.

Baba akampeleka hospitali ya misheni. Daktari akasema, na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akafasiri kwa Kimakonde: asile vitu vitamu, ugali kidogo, mboga za majani kwa wingi, na tunda. Kazi ya kumchumia mboga nikapewa mimi.

Masika ile ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizopata kuziona. Nilichuma majani ya kunde na ya maboga, miguu ikiwa na tope hadi magotini. Kisamvu tulikitwanga pamoja, yeye kinuni na mimi nikiokota majani yaliyoruka, kisha tukakiunga kwa karanga mpaka harufu ikawafikia majirani. Bibi alikula bakuli zima la mboga kwa matonge mawili ya ugali, akamalizia na kipande cha papai. "Umenigeuza mbuzi, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Kesho utanifunga kamba." Kiu ikapungua, akarudi shambani na jembe lake.

Lakini majani kwetu yalikuwa chakula cha shida. Mgonjwa, tena mtu mzima, hupewa kilicho kizuri. Pale kijijini wakaanza kunong'ona kwamba mama anamlisha mkwewe majani kama mtu asiye na watoto wa kumtunza, na maneno hayo yalimchoma mama. Kisha kiangazi kikaingia. Kunde zikakauka, kikabaki kisamvu tu, nacho kukichemsha kunataka maji.

Katikati ya kiangazi hicho Bibi alijikata mguu kwa jembe, na kidonda kikakataa kupona. Watu wakaja kumjulia hali, wengine kutoka Kitangari kwa miguu, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kila mmoja alifungua upindo wa khanga akatoa sukari iliyofungwa kwenye karatasi, kitu cha heshima kubwa siku zile. Mama akaikoroga kwenye uji wa mtama.

"Mwanangu, daktari alikataza," Bibi alisema.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Mama, mgonjwa haulizwi uji. Kunywa upate nguvu."

Angefanyaje? Wageni wale walikuwa wamekaa mbele yake, na sukari yao ilikuwa mapenzi matupu. Alikunywa asubuhi, akanywa jioni. Mashavu yakaanguka, ndonya ikamwelemea, akaivua akaihifadhi chini ya mto.

Uji huo niliupeleka mimi. Alasiri moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hakuna hata kisamvu?" Kilikuwepo, kwenye shamba la pili, mwendo mfupi tu. Lakini jua lilikuwa kali na wenzangu walikuwa wananisubiri tucheze. "Kimekwisha, Bibi," nikasema. Akapokea kikombe, akanywa, akaniambia ahsante. Hakuiona masika nyingine.

Sijui mboga zingemwongezea siku ngapi, na hata yule muuguzi hajui. Mimi najua nilichoombwa na nilichojibu. Nimezaa, nimezika, nimezeeka, na uongo ule haujanitoka.

Juzi nilikwenda kwenye shamba lile la pili. Siku hizi ni mikorosho mitupu, na mihogo michache iliyobaki pembeni ilikuwa imepauka kwa salfa wanayopulizia korosho. Nilichuma kiganja kimoja, nikakikung'uta, nikakitupa. Njia ya bondeni imeota vichaka. Kinu tulichotwangia niliuliza kwa kila mtu, hakuna anayekikumbuka.

Niliporudi nyumbani jirani alikuwa ameshaleta sukari kilo mbili, kunipa pole. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi, akaniletea kikombe cha uji kwa mikono miwili.

"Hakuna hata kisamvu?" nikamwuliza.

"Hakuna, Bibi," akasema, na macho yake yalikuwa mlangoni, kwa wenzake.

Nikakipokea kikombe, nikanywa, nikamwambia ahsante.