Vibao vya Bati

Yule mhunzi wa Mazinde alikuwa na mazoea ya kupapasa kila bati lililoletwa na treni ya Wajerumani. "Halina hata alama moja ya nyundo," aliniambia. "Limesawazishwa na mashine." Zamani aliyeyusha mchanga mweusi wenye chuma, akafua majembe. Wajerumani walipomkataza kukata miti ya kuchoma makaa, alibaki kukata bati lao kuwa vibao vya namba, tuvivae shingoni sisi vibarua wa mkonge. Kila ukingo aliulainisha kwa tupa usituchubue.

Siku moja kaka yake, Sadala, aliletwa kwa nguvu kutoka Handeni kuwa kibarua kama sisi. "Shikamoo, kaka," mhunzi alisema. Badala ya marahaba, Sadala aliuliza: "Kumbe anayewafulia Wajerumani vibao hivi ni wewe?" Mhunzi alimvika kibao chake. Aliponifikia mimi, niliyekuwa nyuma ya Sadala nikingoja kibao kipya, aliupapasa ukingo wake uliokwisha kulainika, akaanza kuupiga tupa upya.